Maswali Yenu: Pini zimepotelea wapi?

SWALI: Shikamooni. Tunapima jinsi mwanga unavyopinda kwenye prizimu ya kioo (kipande chenye umbo la pembetatu) yenye pembe za nyuzi 60, kwa pini nne zinazoonyesha njia ya mwale. Mwale ukiingia kwa nyuzi 50, pini naziona vizuri. Kwa nyuzi 20, nikichungulia uso wa pili sioni kitu. Je, prizimu yetu ni mbovu? – Mwanafunzi wa sekondari, Nyamagana, Mwanza

JIBU: Marahaba. Prizimu ni nzima, pembe ndiyo ndogo mno. Katika kioo cha kawaida kasi ya mwanga hushuka kutoka kilomita 300,000 kwa sekunde hadi kama 200,000, na mwale ulioingia mshazari hupinda. Ukiingia kwa nyuzi 20, unagonga uso wa pili kwa nyuzi 47 hivi. Kikomo cha kutoka ni nyuzi 42. Ukizidi hapo wote unarudishwa ndani. Chungulia uso wa tatu: pini zako ziko huko.

Anza na nyuzi 35, panda tano tano hadi 60. Nyuzi 30 inawezekana, ila mwale hutoka ukikaribia kuambaa na kioo, na pini huonekana zimebanwa, zina kingo za rangi. Hiyo ni kwa sababu zambarau hupinda zaidi kuliko nyekundu.

Kipimo cha mpindo (pembe kati ya uelekeo wa mwale unaoingia na wa unaotoka) kitashuka kutoka nyuzi 41 hadi kama 37, kisha kitapanda tena. Kwenye grafu, usiunganishe nukta kwa rula. Chora mkunjo kama bakuli, usome kitako chake. Jumlisha 37 na 60, gawa kwa 2, tafuta saini yake (kitufe cha sin kwenye kikokotoo), kisha gawa kwa saini ya 30. Ukipata karibu na 1.5, yaani 300,000 kwa 200,000 za kasi ya mwanga, umepatia.

Makosa yanayotuchosha ni yale yale: kulinganisha vichwa vya pini badala ya miguu (pini ikiinama kidogo tu, umekwisha), kuzipanga kwa nafasi ya chini ya sentimita 5 kati yake, na kupima pembe kutoka kwenye uso wa kioo badala ya mstari uliosimama nyuzi 90 juu yake. Chora mzingo wa prizimu kwanza. Ikisogea, badili karatasi.

SWALI: Kwa nini kasia huonekana limevunjika likiwa ziwani? – Msomaji, Kirumba

JIBU: Ni mpindo huo huo, ila maji hupinda mwanga kidogo kuliko kioo. Ukitazama wima, kina cha sentimita 120 huonekana kama 90. Ukitazama mshazari, kinapungua zaidi, ndiyo maana sehemu ya kasia iliyo majini huonekana imeinuka.