Longonot mara ya kwanza

Dada umeuliza kama raba za kawaida zinatosha kupanda Mlima Longonot hapa Kenya, mi nakwambia zinatosha bora soli isiwe imeisha, lile vumbi la volkano linateleza vibaya sana hasa wakati wa kushuka. Ila cha kwanza ni maji, beba lita 3, huko juu hakuna pa kununua wala kivuli cha maana na kuzunguka ukingo wote wa kreta, lile shimo la volkano huko juu, ni kama kilomita 7, bado hujahesabu zile 3 za kupanda. Anzeni asubuhi mapema. Na msimwache mtu nyuma jamani, mwendo uwe wa yule wa mwisho. Anayepanda mpishe, spika ya muziki iache kwa gari, maganda ya ndizi pia urudi nayo tafadhali.