Maswali na Majibu: Simu ya Watson, kiko cha Bwana Msa

Safu iliyopita niligusia kidogo tamthilia za televisheni zinazotokana na hadithi za zamani za upelelezi, na ujumbe umemiminika kutoka Unguja na Pemba. Nimejibu niliyoweza. Maswali nimeyafupisha, maana yake sikuigusa.

Hii Sherlock ya BBC yenye simu na kompyuta si wamemharibu Holmes? Sie tuliosoma vitabu tunamjua mtu wa taa za gesi na magari ya farasi.
*Mwalimu wa sekondari, Wete*

Mwalimu, uchungu wako naujua, lakini sikubaliani nawe. Hizo taa za gesi hazikuwa mambo ya kale kwa Arthur Conan Doyle, mwandishi aliyembuni mpelelezi Holmes. Alipomtoa Holmes mara ya kwanza, mwaka 1887, alikuwa akiandika habari za siku zake mwenyewe: treni, telegramu, magazeti ya asubuhi na ya jioni. Holmes alikuwa mtu wa kisasa kuliko mtaa wake mzima. Steven Moffat na Mark Gatiss, watengenezaji wa hiyo Sherlock ya BBC, walipomtia katika London ya mwaka 2010, walimrudisha pale pale alipokuwa. Hata Watson, rafiki na msaidizi wake, hakutaka ukarabati mkubwa. Kitabuni ni daktari wa jeshi aliyejeruhiwa Afghanistan, na mwaka 2010 askari wa Uingereza walikuwa bado wanarudi kwao na majeraha kutoka huko huko.

Nikupe mfano mmoja tu, kwa sababu huo ndio ulionifanya niipende. Katika *The Sign of Four*, hadithi ya mwaka 1890, Watson anampa Holmes saa ya mfukoni na kumtaka amweleze aliyekuwa akiimiliki. Holmes anaigeuza mkononi. Nyuma ina herufi H.W., kwa hivyo ni mali ya ukoo, imetoka kwa baba ikenda kwa mtoto mkubwa. Ndani ya kifuniko mna namba zilizochorwa kwa ncha ya pini, kama walivyokuwa wakifanya watu wa rehani wa London, na namba zenyewe ni nne. Mwenye saa alikuwa akiishiwa, akiiweka rehani, halafu akipata pesa za kuikomboa. Mwisho linakuja tundu la ufunguo wa kutilia saa, pembeni pote pamejaa mikwaruzo. Mtu aliye timamu halikosi tundu. Anayelikosa usiku baada ya usiku ni mlevi ambaye mkono wake unatetemeka. Watson anahamaki, kwani hayo ndiyo maisha ya kaka yake, na kaka mwenyewe ameshakufa.

Sasa tizama sehemu ya kwanza ya *Sherlock*, ya mwaka 2010. Saa imekuwa simu ya mkononi. Nyuma imechongwa kwamba Clara amempa Harry Watson. Mikwaruzo imezunguka tundu la chaja. Simu ni ya karibuni lakini mwenyewe ameshaitoa, basi hataki tena kumkumbuka huyo Clara. Holmes anakata shauri: kaka yako ni mlevi, na ameachana na mkewe. Yote ni kweli isipokuwa moja, Harry ni dada. Hilo Doyle hakuliandika, na mimi naliona ni nyongeza ya watu waliokisoma kitabu kwa mapenzi. Jicho la Holmes limeona kila dalili iliyokuwepo, halafu mazoea yakamjazia pale ambapo dalili haikuwepo.

Kipimo changu, Mwalimu, ni hicho. Je, mtazamaji ameoneshwa alichokiona mpelelezi kabla ya kupewa jibu? Akioneshwa, Holmes ni mzima, avae suti ya 1887 au koti la 2010. Msimu wa nne, ule wa mwaka 2017, ndio ulionikatisha tamaa. Siri za ukoo na miripuko zikachukua nafasi ya dalili, na majibu yakawa yanaletwa mezani yameshapikwa. Hapo malalamiko yako nayapokea kwa mikono miwili.

Siku hizi Watson mwanamke, Lupin mtu mweusi. Ni lazima kugeuza kila kitu?
*Msomaji, Chake Chake*

Lazima hakuna. Mimi huuliza mageuzi yenyewe yanafanya kazi gani ndani ya hadithi.

*Elementary* ya kituo cha CBS cha Marekani, iliyoonyeshwa kuanzia 2012 hadi 2019, inamweka Holmes New York. Watson wake ni Joan, amechezwa na Lucy Liu. Alikuwa daktari wa upasuaji akaacha, na sasa ameajiriwa na baba yake Holmes akae na mwanawe asirudie dawa za kulevya. Watu wengi wanadhani hilo limebuniwa. Holmes wa vitabuni alikuwa akijidunga kokeini na Watson akimgombeza. Televisheni imelichukua jambo ambalo Doyle alilipitia juu juu ikakaa nalo misimu saba. Kwetu Zanzibar, ambako soba hausi tunazo mitaani na tunawajua vijana waliopitia humo, sehemu zile za Holmes kwenda kwenye mikutano ya walioacha, kuanguka na kuinuka tena, mimi siziangalii kama habari za Wazungu.

*Lupin* ya Netflix, ya mwaka 2021, imefanya jambo jengine kabisa. Omar Sy si Arsène Lupin. Anacheza Assane Diop, mtoto wa mhamiaji wa Kisenegali mjini Paris aliyepewa na baba yake kitabu cha Maurice Leblanc, mwandishi wa Kifaransa aliyembuni Lupin, akakua anakiiga. Lupin wa mwaka 1905 ni mwizi, wala si mpelelezi, ila hadithi hizi ni za ukoo mmoja, na ustadi wake mkubwa ni kujibadilisha sura. Assane naye hujibadilisha, lakini mara nyengine hahitaji hata hilo. Anaingia makumbusho ya Louvre na ndoo na ufagio kama mfanyakazi wa usafi, na hakuna anayemtizama usoni, kwa sababu wakubwa wa pale hawana mazoea ya kumtizama usoni Mwafrika anayefagia. Weusi wake ndio ulioipa hadithi dalili ambayo Leblanc hakuwa nayo. Mageuzi namna hiyo nayataka yaongezeke.

Nimeshasoma kitabu na muuaji namjua. Kuna haja gani ya kuangalia?
*Kijana, Jang'ombe*

Haja ipo, na usiwe na hakika sana kwamba unamjua. *And Then There Were None* ya Agatha Christie ilitoka mwaka 1939 na mwisho mzito. Alipoitengeneza kwa jukwaa la tamthilia mwaka 1943, Christie mwenyewe aliubadilisha mwisho ukawa mwepesi, na filamu nyingi zikafuata ule wa jukwaani. BBC mwaka 2015, kwa mkono wa Sarah Phelps, waliurudisha mwisho wa kitabu. Wewe uliyesoma una kazi yako nyengine: mfuatilie muuaji tangu dakika ya kwanza uone mchezaji anavyoficha.

Watoto wangu wanapenda haya mambo, lakini yamejaa mauaji. Niwaruhusu?
*Mama, Mpendae*

Bi mkubwa, si zote sawa. Anza na Poirot, mpelelezi wa Agatha Christie, aliyechezwa na David Suchet, tamthilia ya Kiingereza iliyodumu kutoka 1989 hadi 2013 na ina sehemu 70. Zile za miaka ya mwanzo zina maiti, hazina ukatili wa kutisha, na mtoto wa miaka 12 ataziweza. Zile za Phelps, pamoja na *The ABC Murders* ya 2018 aliyocheza John Malkovich, waache wakue kwanza, maana zina kiza kikubwa.

Kaeni pamoja. Poirot anapowakusanya watu wote sebuleni, simamisha, kila mtoto amtaje mshukiwa wake na aseme kwa nini. Anayejibu "nahisi tu" mrudishe kwenye dalili. Mazoezi hayo yatamfaa hata darasani.

Na Bwana Msa wetu lini? Au sie hatuna wa kuonyeshwa?
*Mzee, Makunduchi*

Shikamoo mzee. Umeandika kutoka kwao mwenyewe, kwani Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, na swali lako ndilo lililonikalisha kitako.

Kwa vijana wasiomjua: Abdulla alianza kazi kama mkaguzi wa afya, kisha akawa mwandishi wa habari na mhariri. *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957–58, ikachapwa 1960. Zikafuata *Kisima cha Giningi* mwaka 1968, *Duniani Kuna Watu*, *Siri ya Sifuri* na nyenginezo. Mpelelezi wake ni Bwana Msa, mtulivu, kiko mdomoni, na pembeni yake Najum anayeshangaa kwa niaba yetu. Mkono wa Doyle unaonekana wazi. Lakini mahali ambapo Msa anafanyia kazi, Holmes asingeweza hata kuanza. Kesi inatokea kwenye mzimu wa wazee, watu wamejaa khofu, na yeye anatafuta mtu mwenye miguu miwili na sababu ya kuua.

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, wakati Bara walingoja hadi miaka ya 1990. Vitabu vilikuwepo, kamera zilikuwepo, na wachezaji wa maigizo hatujawahi kuwakosa. Wala usiniambie pesa. Mwaka 1993 televisheni ya taifa ya India ilimtoa Byomkesh Bakshi, mpelelezi wa Kibengali aliyebuniwa na Sharadindu Bandyopadhyay mwaka 1932. Basu Chatterji akaongoza, Rajit Kapur akacheza, na kilichoibeba tamthilia ni vyumba, chai na mazungumzo. Upelelezi wa namna hii hauhitaji magari ya kugongana. Unataka mwandishi anayejua kuficha dalili mahali pa wazi, na wachezaji wanaoongea Kiunguja chao bila ya kukisafisha.

Ningepewa mimi, Msa nisingemwacha miaka ya 1950. Ningemweka mwaka 1995, mwaka wa Popobawa, lile jini lililosemwa kuwavamia watu usiku majumbani. Wengi wetu tunaukumbuka: khofu ilianza Pemba ikavuka hadi Unguja, watu wakalala nje makundi makundi, na mgeni aliyepita mtaani usiku alikuwa hatarini. Mtu akifa usiku wa namna ile, nani atauliza zaidi? Muuaji yeyote mwenye akili angejificha nyuma ya jina hilo. Halafu anafika Bwana Msa asubuhi, mikeka bado imetandikwa uani, na anauliza swali moja dogo: jana usiku mkeka wa nani ulikuwa mtupu? Hakuna aliyeuangalia, kwa sababu wote walikuwa wakitizama juu ya paa. Huyo ni Msa mtupu, na hajaguswa kitu.

Mimi na wenzangu tuna kamera na nia. Tumchukue Holmes au Msa, na ruhusa tunaiomba wapi?
*Kijana, Fumba*

Holmes ni huru. Doyle alifariki 1930, na hata Marekani, ambako sheria ilichelewa zaidi, hadithi zake za mwisho ziliachiwa tarehe 1 Januari 2023. Unaweza kumleta Darajani kesho. Lakini chukua kutoka vitabuni tu. Ile simu ya Harry ni ya watengenezaji wa 2010, usiiguse.

Msa bado ana wenyewe. Abdulla alifariki 1991, na Mkataba wa Berne, ambao Tanzania imo, unalinda kazi ya mwandishi kwa uchache miaka 50 baada ya kifo chake. Hesabu mpaka mwisho wa 2041. Kwa hivyo nendeni kwa warithi na kwa mchapishaji wa kitabu mnachokitaka, mpate ruhusa kwa maandishi, ikitaja kitabu gani, sehemu ngapi na mapato yanagawiwa vipi. COSOZA, chombo cha hakimiliki hapa Zanzibar, watakuelekezeni taratibu. Ruhusa ya mdomo barazani msiitegemee, hata kama aliyeitoa ni ami yenu.

Ushauri wangu ni mumchukue Msa, na muandike mswada wa sehemu moja kabla ya kwenda kubisha hodi, ili warithi waone mnachokikusudia. Mkishauandika nileteeni nikuangalizieni dalili kama zimekaa mahali pake. Kazi hiyo nitaifanya bure.