Plazma na kukunja shiti nyumbani: anza na hewa, mashine itafuata

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kwa karakana ya nyumbani hapo Sikonge uchukue mashine ya plazma (ya kukatia chuma) ya amperi ngapi, kompresa yako ya kujazia matairi itatosha au haitoshi, na kwa nini sanduku ulilokunja kwa shiti ya chuma ya milimita 1.5 limezidi mchoro kwa karibu milimita tano. Waliokujibu juu wameng'ang'ania swali la kwanza, kila mtu anataja mashine anayoipenda. Mimi nafanya kazi hii nyumbani kwangu Ipuli, Tabora mjini, kwenye banda la uani, na wateja wangu wengi ni wafuga nyuki na watu wa masanduku ya umeme. Naanza na swali lako la pili, kwa sababu hilo ndilo linaloamua mengine.

Kompresa ya matairi haitoshi, na nitakueleza kwa nini. Ndani ya tochi ya plazma, yaani mkono unaoushika kukatia, cheche ya umeme inapita kwenye hewa inayosukumwa katika tundu dogo la nozeli, ile ncha ya mbele, na hewa hiyo inapanda joto zaidi ya nyuzi 20,000. Chuma kinayeyuka, kisha hewa hiyohiyo inakipuliza kitoke upande wa chini. Tena hewa hiyohiyo ndiyo inayopoza tochi. Kwa hiyo ikipungua, unakosa mambo matatu kwa mkupuo. Mashine ya amperi 40 inataka presha ya kama 70 hadi 75 PSI (kipimo cha presha kinachoonyeshwa na mshale wa kompresa) wakati hewa inatoka, siyo wakati imetulia kwenye tangi, na inakula kama lita 150 hadi 180 kwa dakika. Kompresa ya matairi itajaza tangi lake vizuri, mshale utasimama 115, utafurahi. Ukibonyeza tochi, mshale unaanza kushuka mbele ya macho yako, hujamaliza hata mstari mmoja wa maana moto unaanza kurukaruka, na nozeli inaungua tundu lake linakuwa la yai.

Ukienda dukani usidanganywe na ukubwa wa tangi. Uliza lita kwa dakika, na uliza lita zinazotoka, maana namba inayobandikwa ubavuni mara nyingi ni ya pampu inavyomeza na siyo inavyotoa. Halafu sisi huku tuko juu, Tabora ni kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya kimo hicho ni nyepesi kuliko ya Dar kwa asilimia 12 hivi. Kompresa iliyomtosha mtu wa Kariakoo kwa shida, huku haitatosha. Ushauri wangu ni kompresa ya mkanda, HP 3 (nguvu za farasi tatu), tangi la lita 100. Kama fedha ni ya kitu kimoja tu kwa sasa, nunua kompresa hiyo kwanza. Utapulizia rangi nayo, utajaza matairi nayo, na plazma itakuja ikute hewa ipo.

Sasa maji. Hapa ndipo tochi nyingi zinapofia. Kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua zikiwa zimeshika, fungua koki ya chini ya tangi la kompresa jioni uone kinachotoka: maji ya rangi ya chai yaliyochanganyika na mafuta ya pampu, yanatema na kufoka. Maji hayo yakifika kwenye tochi yanakula elektrodi. Elektrodi ni shaba, ila katikati ya ncha yake kuna punje ndogo ya madini ya hafniamu, na punje hiyo ndiyo inayobeba moto. Kila ukiwasha inalika kidogo na kuacha kishimo. Hewa ikiwa kavu inalika taratibu; ikiwa na maji inachimbika haraka sana. Utajua imekwisha kwa rangi: moto unageuka kijani, maana sasa inayoungua ni shaba yenyewe. Ukiona kijani acha palepale. Usisubiri hata hapo, kishimo kikifika kina cha milimita moja na nusu badilisha elektrodi, na nozeli uitazame pamoja nayo. Na kabla hujafungua kichwa cha tochi zima mashine kabisa, maana volti za tochi hiyo ni nyingi kuliko za mashine ya kuchomelea uliyoizoea.

Kichujio cha maji kinachokuja na mashine peke yake hakisaidii sana. Hewa inatoka kwenye pampu ikiwa ya moto, maji yamo kama mvuke, yanapita kwenye kichujio bila kushikwa, yanakuja kuwa matone mbele ya safari, ndani ya mpira wa tochi. Dawa ni kuipoza hewa kabla ya kichujio. Mimi nimepandisha bomba la chuma ukutani, linapanda na kushuka mita kama nane, kila pembe ya chini ina koki, kisha ndipo kichujio, tena kimefungwa karibu na mashine na siyo karibu na kompresa. Baada yake nimeweka chupa ya punje za silika zinazonyonya unyevu. Zikibadilika rangi nazikausha taratibu kwenye kikaango na kuzirudisha. Kazi hii ya bomba ni ya bei ndogo kuliko kitu kingine chochote kwenye banda langu na ndiyo iliyonipunguzia zaidi gharama za elektrodi.

Kuhusu amperi: unasema unakata milimita moja hadi tatu. Amperi 40 zinatosha na kubaki, usilipie 60. Kilicho muhimu kuliko amperi ni mashine iwe inajiwashia moto wenyewe ndani ya tochi bila kugusa chuma. Zile za bei ya chini zinataka uguse ndipo ziwake, na ukikutana na shiti yenye rangi au kutu utahangaika. Ongeza fedha hapo.

Umeme usiuchukulie poa. Amperi 40 za kukatia zinavuta kama amperi 25 hadi 30 kwenye laini ya volti 230, na kompresa ya HP 3 nayo ina zake, tena wakati wa kuwaka inavuta mara kadhaa zaidi. Soketi ya kawaida ya amperi 13 haiwezi. Mwite fundi umeme avute waya wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye mita, breka ya peke yake, na erthi ya kweli iliyochimbiwa chini.

Mkono wa kukata utaupata kwa kutazama cheche, siyo kwa kutazama mwanga. Chini ya shiti cheche zinatakiwa zimwagike zikilala nyuma kidogo. Zikirudi juu kukufuata usoni, unakwenda mbio na moto haujatoboa. Zikishuka wima kabisa unachelewa. Hata mavi ya chuma yanayobaki chini ya mkato yanasema: ukichelewa yanakuwa mazito na yanabanduka kwa kugonga, ukikimbia yanakuwa membamba na yameng'ang'ania, utayatoa kwa grenda. Kutoboa katikati ya shiti usisimamishe tochi wima, ilaze kidogo ili cheche ziruke pembeni zisirudi kwenye nozeli, ikishapenya inyooshe ndipo utembee.

Jambo moja ambalo mafundi wengi hawaambiwi: kwenye tochi za kawaida hewa inatoka ikizunguka kulia kama mshale wa saa, na kwa sababu hiyo upande wa kulia wa njia unayokwenda mkato unasimama wima, upande wa kushoto unalala. Basi panga safari yako. Unakata duara unalolihitaji, zunguka kama mshale wa saa ili duara libaki kulia kwako. Unatoboa tundu ndani ya shiti, zunguka kinyume chake. Haigharimu kitu na kazi inatoka safi.

Na siyo kila kitu cha plazma. Bati jembamba la geji 28 litajikunja kwa joto, tumia mkasi. Mstari mnyoofu kwenye milimita 1.5, grenda yenye diski ya milimita moja inatosha. Plazma ni ya mikato ya kupinda, matundu, na stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu. Gesi ya oksijeni haikati stenlesi wala alumini kwa sababu utando wa oksidi zao unagoma kuyeyuka, na hapo ndipo plazma inapolipa fedha yake.

Tuje kwenye sanduku lako. Ulitaka upana wa milimita 300 kwa nje na kuta za 50 kila upande, ukajumlisha 50, 300 na 50, ukakata shiti ya 400. Hesabu hiyo ingekuwa sawa kama chuma hakina unene. Ukikunja shiti, upande wa nje unavutika na wa ndani unabanwa, na kona inapita kwa mviringo badala ya kwenda mpaka kwenye ncha. Kwa hiyo kila mkunjo wa nyuzi 90 unahitaji urefu mdogo kuliko unavyopima kwa nje. Kwa shiti ya 1.5, kona ya ndani ikiwa na mviringo wa 1.5 vilevile, unatoa kama milimita 2.65 kwa kila mkunjo. Una mikunjo miwili, jumla 5.3, ndiyo milimita tano zako hizo. Ulitakiwa ukate 394.7, na mstari wa kukunjia uwe 48.7 kutoka ukingoni na siyo 50.

Lakini usiichukue namba yangu ukaenda nayo, kwa sababu kikunjio chako kina mviringo wake. Kata kipande chembamba cha shiti hiyohiyo, urefu wa milimita 100 kamili, kikunje katikati kwa nyuzi 90, pima miguu yote miwili kwa nje na vernia (kipimo cha taya kinachosoma sehemu za milimita), jumlisha. Ukipata 102.6, basi punguzo lako ni 2.6. Liandike ukutani kwa chaki. Shiti ikibadilika unene au aina, fanya tena. Fundi mmoja mzee aliyenifundisha kukunja alikuwa na vipande hivyo vimening'inia kwenye waya, kila kimoja kimeandikwa namba yake, na sikuwahi kumwona akikata kazi ya mteja kabla ya kupapasa kipande chake.

Sasa sikiliza hili kwa makini maana ndipo kukata na kukunja kunapokutana. Ukingo uliokatwa kwa plazma ya hewa unakuwa mgumu, kwa sababu naitrojeni ya hewani inaingia kwenye chuma kilichoyeyuka. Chukua tupa uipitishe: inateleza kama kwenye kioo, haiumi. Ukikunja ukingo huo ulivyo, ufa unaanzia pale mstari wa kukunjia unapokutana na ukingo, upande wa nje, mdogo kama unywele, na kwenye sanduku linalobeba uzito au linalotikisika utakua. Ukiuchomelea ulivyo, mshono unaota matundu. Saga kwa grenda mpaka tupa ianze kuuma, kwa kawaida haifiki milimita moja. Na milimita hiyo uiache tangu unapochora.

Kikunjio unaweza kukitengeneza mwenyewe: engo nene za milimita 50 kwa 50 kwa 6, moja imefungwa mezani, moja inabana shiti kwa juu, ya tatu inazunguka kwa bawaba imara na ina mkono mrefu. Ukikunja shiti ya 1.5 yenye upana wa mita nzima, ya juu itapinda katikati na mkunjo wako utakuwa mzuri pembeni, legevu katikati. Chomelea ubavu wa flati bar kuizuia. Ile engo ya kubana iwe ya vipande vya urefu tofauti, maana ukifika kuta mbili za mwisho za sanduku, ndefu haitaingia. Kwenye kona toboa tundu dogo kwa drili pale mistari inapokutana kabla hujakata, kona haitachanika. Chuma cha kawaida kipitishe nyuzi 90 kidogo kwa sababu kinarudi, nyuzi moja au mbili hivi. Stenlesi inarudi zaidi, na usiikunje ukaikunjua ukaikunja tena, inakuwa ngumu na kukatika.

Umetaja pia mteja anayetaka matangi ya asali. Tafadhali usitumie shiti iliyopakwa zinki hata mteja akilia bei. Asali ina asidi, inayeyusha zinki, na huyo atakayekula ni mtoto wa mtu. Chukua stenlesi ya aina ya 304, na diski uliyosagia chuma cha kawaida usiigusishe hapo, itaacha vumbi la chuma na tangi litaota kutu madoa madoa. Weusi wote wa plazma usafishe mpaka chuma king'ae.

Zinki hiyohiyo ukiikata kwa plazma inatoa moshi mweupe. Ukiuvuta, jioni unatetemeka na homa kama ya malaria, na maziwa ambayo mafundi wanakunywa hayazuii kitu. Kata nje, upepo ukiwa mgongoni, na barakoa ya kuzuia moshi wa metali. Miwani ya kuchomelea kwa amperi 40 iwe giza namba 5 au 6, ya jua haifai.

Pipa la mafuta lililofungwa usilikate kwa moto wowote, hata kama limekaa tupu mwaka mzima. Mvuke unabaki kwenye mishono, na limeua mafundi wengi. Na zile cheche za chini zinaruka mita kadhaa, kwa hiyo ondoa maranda, magunia na matambara, weka ndoo ya mchanga, na ukimaliza kaa bandani kwa muda kabla ya kufunga mlango.

Ukipata vipimo vya tangi la huyo mteja wako, viweke hapa pamoja na unene wa shiti na majibu ya kile kipande cha milimita 100. Tutakupigia hesabu ya shiti kabla hujawasha tochi.