Kabla ya Jezi, Uliza Kazi: Ushauri kwa Kijana wa Hoki

Michezo ya shule za sekondari ikiisha tu, jumbe huanza kumiminika kwenye simu yangu. Kijana wa Bungoma au Vihiga amefika fainali za kitaifa, kocha wa klabu fulani ya Nairobi amechukua namba yake, na sasa anataka kujua: dada, hoki inalipa? Inalipa. Mimi imenisomesha na kunipa kazi. Lakini hailipi kwa njia unayoijua kwenye soka, na hapo ndipo wengi hupotea.

Tazama timu za ligi yetu. Kuna Polisi. Kuna za vyuo vikuu kama Strathmore na USIU. Kuna Butali, ya kiwanda cha sukari kule Kakamega. Kuna Sikh Union, klabu ya wanachama. Hakuna kati ya hizi iliyoanzishwa kuuza wachezaji wala tiketi. Siku nyingi pale City Park, uwanja wetu wa hoki Nairobi, mashabiki ni wachezaji wanaosubiri mechi inayofuata, pamoja na mama wa kipa. Kwa hiyo klabu hukulipa kwa kile ilicho nacho. Jeshi la polisi lina ajira, chuo kina karo, klabu ya wanachama pengine ina nauli na watu wenye biashara zao ambao siku moja watakukumbuka.

Basi kocha akipiga simu, jezi namba ngapi iache kwanza. Uliza kazi ni ya kudumu au ya mkataba. Uliza karo italipwa mpaka mwaka wa mwisho au mpaka goti litakapokataa. Uliza nani hulipa hospitali. Ukijibiwa “njoo, tutakupangia”, omba wakupangie kwa maandishi. Mimi niliitwa na timu mbili msimu mmoja: moja ilikuwa na jina kubwa na “tutakupangia” nyingi, nyingine ilikuwa mkiani lakini ilikuja na barua ya karo yenye muhuri. Baba alisoma ile barua, akaikunja, akaitia mfukoni, mjadala ukaisha. Na ufadhili huisha pia. Wanawake wa Telkom, timu iliyobeba jina la kampuni ya simu iliyoifadhili, walitwaa ubingwa wa vilabu Afrika mara nyingi. Ufadhili ukaisha, na leo timu hiyo inaitwa Blazers. Jina la mfadhili kifuani halitoshi kukupangia maisha.

Usidhani kucheza hoki huku ukiwa na kazi nyingine ni umaskini wetu. Mwaka 2024, kwenye mnada wa ligi ya India, nahodha wao Harmanpreet Singh alinunuliwa kwa rupia 7,800,000, akawa ghali kuliko wote. Ni ligi ya wiki chache tu. Na huyo huyo ni afisa wa polisi katika jimbo la Punjab. Uholanzi, iliyobeba dhahabu ya wanaume na ya wanawake pale Paris 2024, ina wachezaji wengi tu wanaosoma au kufanya kazi huku wakicheza. Mchezo wenyewe ndivyo ulivyo.

Ukishapata barua, tafuta kitu kimoja ambacho timu haiwezi kukikosa. Ningeanza upya leo ningeanza na kona fupi, ile adhabu ambayo timu hupewa walinzi wakicheza rafu ndani ya duara la mbele ya goli. Walinzi ni watano tu pamoja na kipa, mpira unasukumwa kutoka mstari wa nyuma, unasimamishwa nje ya duara, kisha shuti. Ukiupiga kwa kishindo, shuti la kwanza halihesabiwi goli likivuka mstari juu zaidi ya sentimita 46. Lakini ukiukokota kwa gongo na kuurusha, unaruhusiwa kupaa hadi kona ya juu. Ndiyo maana mrushaji mzuri hutafutwa hata akiwa mzito wa mbio. Kaa baada ya mazoezi na ndoo ya mipira: mguu wa kushoto mbele, goti chini kabisa, mpira ulalie karibu na ncha ya gongo, kiuno kizunguke kabla ya mikono. Mgongo utalalamika, kwa hiyo imarisha tumbo na mapaja kwanza. (Wewe wa mashoto, pole. Gongo la mashoto haliruhusiwi, utajifunza kama sisi wengine.)

Nyasi bandia nazo zina adabu yake. Uwanja usipomwagiwa maji ya kutosha, ukianguka unachunika paja, na jioni suruali inagandia kidonda ndani ya matatu huku kondakta akiuliza hilo gongo ni la kumpiga nani. Osha kidonda siku hiyo hiyo, hata kama ni kidogo. Kinga ya meno na ya ugoko nunua kabla ya viatu vya bei.

Kuhusu Olimpiki, Kenya ilimaliza ya nne Kombe la Dunia la 1971 Barcelona, na wanaume wetu walicheza Olimpiki mara ya mwisho Seoul 1988. Iote ukipenda, ila usiitegemee kulipa kodi ya nyumba. Iliyo karibu ni michuano ya vilabu vya Afrika, na huko nimeona wachezaji wazuri wakiachwa Nairobi kwa sababu pasipoti imekwisha muda. Shughulikia yako mapema, kabla hata hujaitwa kikosini, na ile barua ya kazi au karo uitolee nakala.