Mwanangu, ukitoka New York hujashindwa

Mwanangu kipenzi,

Meseji yako nimeiona, unaniuliza ukiacha New York ukarudi huku Minneapolis kubuni mwanga wa jukwaani watu si watasema umeshindwa. Hapana mwanangu, na nakujibu kama fundi taa aliyezeekea juu ya ngazi, sio kama mama anayemtaka mtoto arudi nyumbani tu.

Broadway, hizo kumbi kubwa za maigizo za New York, yote ni kumbi 41, na wanaobuni mwanga pale wengi wanaitwa na madairekta waliotoka nao mbali, sasa wewe utakaa miaka unamshikia mtu makaratasi yake. Huku kuna ukumbi wa maigizo wa Guthrie tangu 1963, mji wa Saint Paul hapo kando kuna kikundi cha maigizo cha Penumbra tangu 1976, hao waliigiza tamthilia za August Wilson, yule mwandishi mweusi, kabla New York haijamjua, afu kuna vikundi vidogo kibao vitakavyokupa shoo iwe yako kabisa. Hata hizo taa za Source Four mnazofunga huko kampuni yake ipo Wisconsin, hapa jirani.

Ile njia ya yule mwalimu wa mwanga wa jukwaani, McCandless, mliyosomeshwa, taa mbili za mbele kila moja kwa pembe ya nyuzi 45, moja rangi ya joto moja ya baridi, ni nzuri, ila msimamishe hapo muigizaji mweusi tii kama mjomba wako uone, ile ya baridi inampausha anakuwa kama kapakwa majivu. Mpe mwanga wa ubavuni, mpe wa nyuma, jeli ya baridi, ile plastiki ya rangi ya mbele ya taa, ibadilishe weka zambarau hafifu, utaona shavu linang'aa na macho yanaongea. Kwenye ukumbi mdogo unapanda ngazi mwenyewe, unabadilisha jeli, unashuka unaenda kukaa kiti cha mwisho kabisa unaangalia tena. Huko kwenu nani atakuachia ufanye hivyo?

Hela sikufichi, shoo moja ndogo hailipi kodi. Unalipwa kwa shoo, ikishafunguliwa unaondoka, kwa hiyo nyingine iwe ishapangwa, na katikati unafanya dansi, opera, makanisa makubwa, unaprogramu miksa za taa za watu. Mtafute dairekta wa rika lako mnayeelewana, akiitwa Milwaukee au Chicago atataka aende na wewe.

Nitumie picha za kazi zako nikamwonyeshe bosi wa mafundi hapa, ila weka zile ulizobuni wewe tu, zile ulizosaidia ziache.

Mama