Maswali ya Wasomaji: Binti Ameacha Nyama

SWALI: Binti yangu wa kidato cha pili ameacha nyama, kuku na samaki tangu Januari, ila maziwa na mayai anakula. Baba yake anasema ataishiwa damu, na nyanya yake humtilia mchuzi wa nyama kwa siri. Je, ugali na sukuma wiki vitamtosha? – Mama, Kisumu

JIBU: Havitoshi, mama, na wasiwasi wa baba yake una msingi. Nyama ikitoka sahanini, lazima maharagwe, ndengu au kunde ziingie mahali pake, tena kila siku. Mahindi yana upungufu wa laisini, sehemu ya protini ambayo maharagwe yanayo kwa wingi. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyoiva kina takriban gramu 15 za protini.

Yaloweke usiku kucha, umwage maji hayo pamoja na sukari zinazojaza tumbo gesi. Kwenye maji mapya yatokote kwa nguvu angalau dakika 10, ndipo upunguze moto. Maharagwe mekundu yaliyopashwa polepole bila kutokota hubaki na sumu ya lektini, na mlaji hutapika na kuhara. Hata ukitumia kikapu cha kuhifadhi joto ili kuokoa makaa, yachemshe kwanza jikoni. Magadi huyalainisha haraka lakini huharibu vitamini B1; ukishaloweka maharagwe, hutayahitaji.

Kuhusu damu: msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji miligramu 15 za madini ya chuma kwa siku, maana hedhi huyapunguza. Chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida. Kamulia ndimu kwenye ndengu zikishaiva, au mpe kachumbari ya nyanya mbichi, kwa sababu vitamini C hukisaidia kuingia. Chai hukizuia. Kile kikombe cha chai ya maziwa kinachoteremsha chakula kisubiri saa nzima; nyumba nyingi hukosea hapo. Unga wa pakiti uliorutubishwa umeongezwa chuma. Ule unaosagiwa posho mill haujaongezwa.

Usilolipata kwenye mboga yoyote, hata managu au saga, ni vitamini B12. Anahitaji maikrogramu 2.4 kwa siku: glasi ya maziwa ina takriban 1, yai karibu nusu. Basi glasi mbili na yai moja kila siku, na maziwa lala ni sawa. Akiacha na hivyo, atumie vidonge vya B12. Ini huweka akiba ya miaka, kwa hiyo ganzi ya miguu huja kwa kuchelewa, mishipa ya fahamu ikiwa imeshaumia.

Na huo mchuzi wa siri, tafadhali ukome. Siku atakapougundua atasusa hata maharagwe ya nyumbani.

SWALI: Ni kweli nyama huleta saratani? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Inategemea nyama gani. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliziweka nyama za kiwandani, kama soseji na smokie, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, hasa ya utumbo mpana. Nyama nyekundu iliwekwa kundi la "huenda". Usipitishe gramu 500 za nyama nyekundu iliyoiva kwa wiki, na sehemu zilizoungua kwenye choma uzikate utupe. Smokie ya kila jioni stendi ndiyo ya kuacha kwanza.