Kikundi cha wanawake wapweke: chetu kilianzia kwenye gunia la minji

Dada uliyeuliza, umesema una miezi minane mtaa wa Zimmerman hapa Nairobi, ukitoka kazini unafunga mlango hadi asubuhi, na sasa unataka kuanzisha kikundi cha wanawake wenye upweke kama wako. Nitakujibu kwa marefu maana nimepitia vitatu. Viwili vilikufa.

Nilihamia mtaa wa Pipeline, Embakasi, hapa hapa Nairobi, nikitokea Voi. Orofa ya sita. Anayeijua Pipeline anazijua korido zake: taa inawaka mchana, milango inatazamana, na unajua jirani amekaanga omena kabla hujamjua jina. Voi nikikohoa usiku, asubuhi naulizwa hali. Hapa niliumwa siku nne, na aliyebisha hodi ni msimamizi wa ploti. Alikuwa anataka kodi.

Kikundi cha kwanza kilikuwa cha WhatsApp. Tulifika arobaini na kitu. Wiki ya pili ikawa ni matangazo ya madera na zile sala za "watumie watu kumi". Watu wote hao, na usiku bado nakula peke yangu.

Cha pili kilikuwa chama, maana Wakenya tukikaa watatu lazima tuchange. Shilingi 500 kila Jumapili. Sikatai vyama, vimesomesha watoto na kununua mashamba. Lakini kwetu, mama akikosa mchango mara mbili alianza kutukwepa kwenye ngazi. Mmoja alikuwa anateka maji saa tano usiku ili asikutane na mweka hazina. Aliyehitaji watu kuliko wote ndiye tuliyemfukuza, tena kwa daftari.

Cha tatu hata sikukianzisha. Jumamosi moja mama mboga wa getini alileta gunia la minji kutoka soko la Marikiti, likamzidi, nikakaa kumsaidia kuambua. Akashuka mwingine na mtoto mgongoni, akageuza mtungi akaukalia. Jumamosi iliyofuata tulikuwa watano, tukahamia juu ya paa penye kamba za nguo. Mikono ikiwa na kazi hamlazimiki kutazamana machoni, na hapo mtu husema. Kuna mmoja alikuja Jumamosi nne bila neno zaidi ya "hamjambo". Ya tano, ameinamia sufuria, akasema, "Mume wangu hajanipigia tangu Desemba." Aliyekaa kando yake hakumpa ushauri. Alimsogezea minji zaidi. Naye akaendelea.

Kwa hiyo usimwambie mtu "njoo tuzungumzie upweke". Nani atapanda ngazi kutangaza kwamba hana watu? Mwite aje mchambue mchele, msukane nywele, lolote lenye kuchukua muda.

Na kwa wanaosema upweke ni ugonjwa wa wazungu: Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2025, mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa nao, na katika nchi maskini ni karibu asilimia 24, mara mbili ya nchi tajiri. Zimbabwe walishtuka mapema. Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa Harare kukaa kwenye benchi la mbao kliniki, wasikilize watu wenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Sisi si tunasema tu "ana mawazo"? Mafunzo yao hatuna, ila tuna shosho wa orofa ya chini. Hufika paani akihema, tunampa kiti cha pekee kilichopo, na hakuna anayesikiliza kama yeye.

Sheria yetu kubwa ni moja: ukikosa mara mbili, wawili wanakuja kugonga mlango. Hatupigi simu, kwa simu kila mtu "yuko poa". Orofa ya nne tulimkuta mmoja ana mtoto wa wiki sita, chai imeota utando juu ya meza, hajaoga siku tatu. Mmoja wetu akampokea mtoto, mwingine akabandika maji. Siku hiyo hatukuongea lolote la maana.

Kuhusu siri, nakiri mimi ndiye niliyeharibu. Nilimsimulia dada yangu kwa simu jambo la mwenzetu, nimesimama kwenye korido. Korido za Pipeline! Mwezi uliofuata mwenzetu huyo alihama bila kuaga. Nilimwandikia kumwomba msamaha. Nikaona tiki mbili za buluu, basi. Tangu hapo, mgeni akija namweleza kisa hicho mwenyewe kabla hajakisikia kwa mwingine.

Kuna mambo ambayo minji haiyawezi. Aliyekuwa anapigwa nyumbani tulimpa namba ya bure ya Kenya ya msaada kwa wanaodhulumiwa, 1195, na mmoja akakaa naye alipokuwa akipiga. Aliyesema amechoka kuishi hatukumwacha peke yake hata chooni, hadi tulipomfikisha hospitali.

Sasa wewe: maghorofa mengi ya Zimmerman yana paa la kuanikia nguo, na ufunguo huwa kwa msimamizi. Usimweleze habari za kikundi, atakwambia mwenye nyumba hataki mikutano. Sema unataka kuanika blanketi.